Nusu ya Nyumba, Matengenezo Yote: kisa cha familia moja na umiliki wa pamoja England

Usuli

Familia hii ni ya Watanzania wanaoishi katika mji wa wastani mashariki mwa England: mume, mke, binti wa miaka 13 na mvulana wa miaka 8. Nitawaita Baba na Mama. Mji, shirika la nyumba na kila kinachoweza kuwatambulisha nimekiondoa. Hesabu nimeziacha karibu sana na zilivyokuwa, kwa ridhaa yao.

Baba anaendesha basi la abiria. Mama ni msaidizi wa wauguzi hospitalini, na nusu ya zamu zake ni za usiku. Wote wana ukaazi wa kudumu. Kipato chao kwa pamoja kilikuwa £46,000 kwa mwaka kabla ya makato. Walikuwa wakipanga fleti ya vyumba viwili kwa £1,300 kwa mwezi, na akibani walikuwa na £26,000, ambazo sehemu yake ilitokana na mchezo wa kina mama anaocheza Mama.

Mwanzoni mwa 2023 mwenye nyumba aliwaambia kwamba anakusudia kuuza. Hakuwafukuza, lakini ujumbe ulifika. Kwa sheria ya wakati ule angeweza kuwapa notisi ya miezi miwili bila kutoa sababu yoyote. Ndipo Mama akaleta kipeperushi cha fleti mpya chenye maneno "kuanzia hisa ya asilimia 40", akauliza kama hiyo ni nyumba kweli au ni mtego.

Mpango wenyewe

Umiliki wa pamoja (shared ownership) kwa ufupi: unanunua hisa ya nyumba, na sehemu iliyobaki inabaki kuwa mali ya mpangishaji, mara nyingi shirika la nyumba. Kwenye hisa yako unachukua mkopo wa benki. Kwenye hisa yao unalipa kodi, ambayo kwa kawaida huanzia asilimia 2.75 ya thamani ya sehemu hiyo kwa mwaka na kupanda kila mwaka kwa kanuni iliyoandikwa kwenye mkataba. Juu ya hivyo viwili kuna ada ya huduma za jengo, na hii huilipi nusu hata kama umenunua nusu. Baadaye unaweza kununua hisa zaidi kidogo kidogo, ambako wenyewe wanakuita kupanda ngazi, hadi asilimia 100 pale mkataba unaporuhusu.

Masharti ya kuingia: kipato cha kaya kisizidi £80,000 kwa mwaka (£90,000 ndani ya London), uwe huna uwezo wa kununua kwa bei kamili nyumba inayokidhi mahitaji yako, na usiwe na nyumba nyingine. Hilo la mwisho ndilo lililomtoa Baba jasho, kama tutakavyoona.

Kuna mikataba ya aina mbili sokoni na watu huichanganya. Mkataba wa mtindo mpya, ulioanzishwa 2021, unaruhusu kuanza na hisa ya asilimia 10, ni wa miaka 990, na kwa miaka 10 ya mwanzo mpangishaji ndiye anayegharamia matengenezo ya nje na ya muundo wa jengo, pamoja na mchango wa hadi £500 kwa mwaka kwa baadhi ya matengenezo ya ndani. Mikataba ya zamani mingi ni ya miaka 99 au 125, huanzia asilimia 25, na matengenezo yote ni ya mnunuzi tangu siku ya kwanza.

Njia nyingine zilizokuwepo

Benki ilikuwa tayari kuwakopesha £172,000. Kiasi kingekuwa kikubwa zaidi, lakini maofisa waliona kwenye taarifa za benki mkopo wa gari na £300 zinazotumwa nyumbani kila mwezi, wakazihesabu zote kama wajibu wa kudumu. Nyumba ya vyumba vitatu mjini pale ilianzia £280,000, kwa hiyo kununua kwa bei kamili hapohapo hakukuwezekana.

Wangeweza kununua pamoja na kaka yake Mama anayeishi mji wa jirani. Hilo lilikufa kwenye mazungumzo ya kwanza. Kaka ana nyumba yake tayari, na hakuna aliyetaka kumweka wifi na shemeji kwenye hati moja.

Wangeweza kuhamia kaskazini. Huko kulikuwa na miji ambako £190,000 zingewapa nyumba nzima, na kazi zao wote wawili zinapatikana popote. Walikataa kwa sababu binti alikuwa anaingia kwenye miaka ya mitihani, na mdogo wake Mama, anayelala na watoto usiku wa zamu, anaishi mtaa wa pili. Ni sababu nzito. Hata hivyo naona hii ndiyo njia pekee iliyokuwa na nguvu ya kushindana na umiliki wa pamoja, na waliijadili kwa jioni moja tu.

Fleti mpya

Bei kamili ya fleti ilikuwa £310,000, vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Hisa ya asilimia 40 ni £124,000. Kwa kianzio cha asilimia 10, mkopo wa £111,600 wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 5.2 unatoa malipo ya karibu £613 kwa mwezi. Kodi ya asilimia 60 iliyobaki ni £426. Ada ya huduma £165. Jumla £1,204, chini ya kodi waliyokuwa wakilipa.

Hesabu hiyo ndiyo inayouza fleti hizi, na si ya uongo. Ila ni hesabu ya mwezi wa kwanza. Walilipa £500 za kuishikilia fleti, wakaweka wakili, wakaanza safari.

Wakili alirudi na mambo manne. Kodi ingepanda kila mwaka kwa kiwango cha mfumuko wa bei cha RPI pamoja na nusu asilimia, na RPI ya Oktoba 2022 ilikuwa imefika asilimia 14.2. Mashirika mengi yalijizuia kwa hiari yao kutopandisha zaidi ya asilimia 7 mwaka 2023, lakini hiari si kifungu cha mkataba. Pili, bajeti ya ada ya huduma haikuonyesha fungu la maana la akiba kwa ajili ya lifti na paa. Tatu, joto na maji ya moto yalitoka kwenye mtambo mmoja wa mtaa mzima, kwa hiyo huwezi kubadili kampuni hata bei ikikuumiza. Nne, kupangisha hakuruhusiwi bila kibali cha shirika.

Pamoja na yote hayo, Mama alikuwa bado anaitaka. Kilichomgeuza ni jambo tulilolitazama sote mezani kwake: matangazo ya mauzo ya jengo la jirani, awamu ya kwanza ya mradi uleule. Hisa za watu walionunua miaka minne nyuma zilikuwa sokoni kwa miezi, nyingine kwa bei ya chini ya ile waliyolipa wenyewe. Mnunuzi mpya anapoweza kupata fleti mpya iliyo mlango wa pili, kwa nini anunue yako? Baba akauliza swali alilopaswa kuuliza mwezi wa kwanza: "Mama watoto, huyu binti na kaka yake watalala chumba kimoja mpaka lini?"

Walijitoa Julai 2023. Gharama za wakili, za benki na sehemu ya pesa ya kushikilia iliyozuiwa zilifika £1,340.

Pagale

Kabla ya kujitoa palitokea jambo linalostahili kichwa chake, kwa sababu nimeliona kwa familia nyingi zetu. Fomu ya maombi iliuliza kama mwombaji ana nyumba au haki yoyote kwenye mali, Uingereza au nje. Baba ana kiwanja mkoa wa pwani alichonunua na kaka yake mkubwa. Juu yake kuna pagale lililofika lenta, halina paa, na ushahidi wa umiliki ni karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Alitaka kuandika "hapana". Hoja yake: nani atakwenda kuangalia?

Tulimshauri aandike ukweli, na si kwa uchamungu tu. Anayesaini tamko la uongo kwenye maombi haya anaweza kupoteza nyumba na kuburutwa kwa udanganyifu, na Baba hutuma pesa za saruji kupitia akaunti ileile ambayo benki iliikagua mstari kwa mstari. Pia kuna suala la kodi ya serikali kwenye ununuzi wa nyumba. Wakati ule ziada ya asilimia 3, ambayo tangu Oktoba 2024 ni asilimia 5, ilimhusu anayenunua huku ana makazi mengine popote duniani, ikiwa sehemu yake ina thamani ya £40,000 au zaidi. Jengo linaloendelea kujengwa linaweza kuhesabiwa kuwa makazi.

Alitangaza kila kitu. Shirika likaomba picha, tafsiri ya karatasi ya mauziano na makadirio ya thamani. Sehemu ya Baba ilikadiriwa shilingi milioni 24, karibu £8,000. Wakili akathibitisha kwamba ziada haimgusi, na shirika likakubali kwamba gofu lisilo na paa si nyumba ya kuishi. Ingekuwa imeezekwa na ina mpangaji, jibu huenda lingekuwa jingine.

Pesa ya mchezo nayo ilizua maswali. £4,000 zilizoingia kwa mkupuo zilimfanya wakili aulize chanzo, maana sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha zinamlazimu. Barua ya mweka hazina na taarifa za benki zinazoonyesha michango ya kila mwezi zilitosha, lakini zilichukua wiki tatu kukusanywa. Kina mama wanaochezea pesa mkononi bila daftari wangekwama hapo.

Nyumba ya mkono wa pili

Oktoba 2023 walipata nyumba ya safu, vyumba vitatu na bustani ndogo, hisa ya asilimia 50 ikiuzwa na mtu aliyekuwa anahamia kwingine. Thamani kamili £290,000, hisa £145,000. Kianzio £14,500, mkopo wa £130,500 kwa riba ya asilimia 5.2 iliyofungwa miaka mitano: £717 kwa mwezi. Kodi £390, ada £28. Jumla £1,135.

Nyumba kubwa zaidi kwa pesa pungufu, basi kasoro iko wapi? Ilikuwa kwenye mkataba. Ulikuwa wa miaka 99 tangu 2007, umebakiza 83. Ukishuka chini ya miaka 80, gharama ya kuurefusha hupanda ghafla kwa jinsi sheria ilivyokuwa, na mmiliki wa hisa asiyefikisha asilimia 100 hakuwa na haki ya kisheria ya kudai urefushwe. Alitegemea hisani ya shirika. Kwa maneno mengine, wangenunua kitu ambacho baada ya miaka mitatu kingeanza kuwa kigumu kuuzika.

Uamuzi wao ndio ninaouona bora kuliko yote katika kisa hiki. Hawakukimbia, wala hawakufumba macho. Walimwambia muuzaji kwamba watanunua iwapo mkataba utaongezwa miaka 90 siku ileile ya kukamilisha mauzo. Shirika lilikubali kwa bei yake. Pamoja na wathamini na mawakili, jumla ikawa £6,900. Muuzaji, aliyekuwa ameshapata nyumba nyingine na hataki kuipoteza, alibeba £4,600, wao £2,300. Wakili pia alithibitisha kwamba ngazi inapandika hadi asilimia 100, kwa kuwa baadhi ya mikataba, hasa ya vijijini, huishia njiani.

Matokeo

Walihamia Februari 2024. Baada ya kianzio, wakili, ukaguzi wa jengo, sehemu yao ya kurefusha mkataba na lori la kuhamia, akiba ilibaki karibu £5,000.

Aprili, kodi ya shirika ilipanda kwa asilimia 9.4, yaani RPI ya Septemba 2023 ya asilimia 8.9 na ile nusu ya mkataba. Kutoka £390 hadi £427. Walijua itapanda, hawakutegemea ipande kabla hawajamaliza kufungua maboksi. Novemba boila likafa. £2,400, zote zao. Shirika linalomiliki nusu ya nyumba halikuchangia hata senti, na kwa mkataba huo halikupaswa.

Hata hivyo, nyumba kama ile mtaa uleule ilikuwa ikitangazwa kupangishwa kwa £1,500. Wao wanalipa chini ya £1,200. Binti ana chumba chake.

Uchambuzi

Tuanze na kilichofanya kazi. Wakili walimchagua mtu aliyezoea mikataba ya aina hii badala ya yule aliyependekezwa na muuzaji wa fleti. Kipande hicho kimoja kiliwaokoa mara mbili. Kutazama mauzo ya mkono wa pili kwenye mradi uleule kulikuwa na faida kuliko kipeperushi chochote, na hakukugharimu kitu. Na kutangaza pagale kulifungua njia ambayo uongo ungeifunga siku mbaya zaidi.

Kilichoharibika ni mpangilio. Walianza na hesabu ya mwezi wa kwanza, wakamalizia na swali la vyumba, wakati vyumba walivijua tangu mwanzo. £1,340 za fleti ni ada ya kuharakishwa na mwenye nyumba aliyesema anauza. Akiba nayo waliiacha ikonde mno: mnunuzi wa hisa kwenye mkataba wa zamani ana majukumu ya mwenye nyumba mzima, na boila halijui asilimia.

Kuna hatari nyingine ambayo haikuwafika lakini waliijadili kidogo mno. Kwa miaka mingi mahakama zilimchukulia mwenye hisa kama mpangaji, hata awe amelipia nusu. Katika shauri lililoamuliwa Birmingham mwaka 2007, mama aliyenunua asilimia 50 alitolewa kwa malimbikizo ya kodi, na mahakama ikakataa kwamba ana haki ya kudai thamani ya nusu yake. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imekuja kuitoa mikataba ya zaidi ya miaka 21 kwenye aina ile ya upangaji. Ila somo la kiutendaji kwa kaya kama hii halijabadilika: mwezi ukikaza, deni la kodi ya shirika si la kulipwa mwisho eti kwa sababu ni dogo kuliko la benki.

Kuhusu kupanda ngazi, watu wengi hudhani kwamba kununua hisa zaidi ni faida moja kwa moja. Tuifanyie hesabu nyumba hii. Asilimia 10 zaidi ni £29,000 kwa thamani ya ununuzi. Kodi ingepungua kwa moja ya tano, kama £85 kwa mwezi. Mkopo wa £29,000 kwa riba ya asilimia 5.2 ni £159. Ungeongeza £74 kila mwezi, bila kuhesabu mthamini na wakili. Sababu ni kwamba kodi wanayolipa sasa ni takriban asilimia 3.5 ya sehemu ya shirika, chini ya riba ya benki. Upande wa pili, kodi hiyo haiishi na inapanda kwa kanuni, wakati mkopo una mwisho, na nyumba ikipanda bei ngazi nayo inapanda bei. Kwa hiyo wakati wa kupanda unategemea riba, na 2024 haukuwa wakati wake.

Machi 2024 kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia makazi ilitoa ripoti kali juu ya mpango huu, ikitaja kodi zinazopanda, ada za huduma na mikataba isiyoeleweka. Nakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Lakini ripoti hutazama mpango mzima, na kaya hununua nyumba moja yenye mkataba mmoja. Familia hii ilifaulu kwa sababu nyumba ilikuwa ya chini, haina lifti wala mtambo wa joto wa pamoja, ada yake ni ndogo, na kasoro yake kubwa ilikuwa ya karatasi, inayoweza kurekebishwa kwa pesa inayojulikana. Fleti mpya ilikuwa kinyume: karatasi bora zaidi, gharama zisizokadirika.

Hivi sasa wamekusanya tena £6,000. Kaka mkubwa anataka waezeke pagale. Mama anataka pesa zikae kwa ajili ya hisa, ingawa hesabu amezielewa. Mimi ningeacha zote zikae kama akiba ya dharura mpaka paa la hapa likaguliwe, na nimewaambia hivyo. Baba amejibu kwamba bati hupanda bei kila mwaka kuliko hata RPI, na juzi alikuwa anauliza nauli ya Desemba.